Safu ya Maelezo

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi ndogo ya maji pale Hola. Kando ya mto Tana, kutoka kwetu mpaka chini ya Garsen, tulikuwa na wasomaji wa mto, wakulima waliotazama ubao wa kipimo kila asubuhi na kujaza kadi: tarehe, saa, kina cha maji, na mwisho kabisa, maelezo. Kadi zilikwenda Garsen. Huko mama mmoja karani alizichapa kama zilivyo kwenye faili la maandishi, kila siku mstari wake, akanitumia disketi.

Mwanzoni nilihamisha kila kitu kwenye jedwali kwa mkono. Kisha nikajifunza kuandika makro, amri fupi za kuifanya kompyuta irudie kazi yenyewe. Nabonyeza vitufe viwili, inafungua faili, inaukata kila mstari penye mkato na kuziweka tarakimu kwenye safu zake. Maelezo ndiyo yaliyonivurugia jedwali. Wasomaji waliandika habari za mamba, za ng'ombe wa wafugaji Waorma waliokuja kunywa, za mahindi. Nikaiagiza makro iyaache. Wenzangu walikuja kutazama, nikajiona fundi.

Yakaja mafuriko makubwa. Barabara ya Garsen ikakatika, disketi zikawa zinaletwa na boti la injini la ofisi kila wiki. Asubuhi moja makro ikasimama katikati ya faili la mzee mmoja Mpokomo wa kijiji kilicho kati yetu na Garsen, mtu ambaye hakuwahi kuruka siku. Nikafungua faili lenyewe nione kosa. Mahali pa kina cha maji paliandikwa: "Sikusoma. Nilikuwa nazika."

Nikapanda mistari ya juu, kisha nikarudi kwenye disketi ya wiki iliyotangulia. "Mama watoto ana homa." "Homa haijashuka, zahanati haina dawa." "Hawezi kukaa kwenye mtumbwi. Ofisi tafadhali leteni boti." Siku ya pili yake, tena tafadhali. Na kila siku kina cha maji kimejazwa sawasawa.

Disketi ile ya kwanza niliimaliza kwa dakika moja, bila kuyaona maneno hayo. Baadaye boti letu lilishuka Garsen na kurudi, likapita mbele ya kijiji chake.

Nilimwita yule mama wa Garsen kwa redio ya ofisi. "Dada, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilichapa kila neno. Nilijua mnasoma."

Maji yalipopungua nilikwenda. Nilimkuta mzee akikwangua matope mlangoni. Nikampa pole, akanipa kigoda.

"Niliandika," akasema.

"Ndiyo, mzee. Uliandika."

"Haikufika?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandalia uongo, kwamba disketi ililowa. Nikashindwa kuutoa. "Ilifika. Nilikuwa nimetengeneza kitu kwenye kompyuta kinachochukua tarakimu peke yake."

"Na maneno kinayapeleka wapi?"

"Hakiyapeleki popote, mzee. Mimi ndiye niliyekiambia hivyo."

Jembe lilikuwa bado mkononi.

"Boti tuliliona," akasema. "Nilimwambia, hilo linakuja kwako. Akaomba nimfunge leso yake nzuri."

Nililia mbele yake, mtu mzima, naye hakunibembeleza wala hakunifukuza. Baadaye akanionyesha kaburi, mahali palipoinuka kidogo nyuma ya migomba iliyolala. Tulipokuwa tukirudi akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kadi zimemwishia.

Nilimpelekea kadi. Alisoma mto miezi mingine kadhaa bila kuandika maelezo hata mara moja, kisha binti yake akaja kumchukua wakakae kwake Chewele.

Nilimweleza bosi wangu yote. Alisema nisijitese, kwamba homa ile ilichukua wengi na huenda hata boti lisingemwokoa. Huenda. Nilibaki pale mwaka mmoja zaidi. Kila disketi ilipofika niliisoma kwanza kwa macho, mstari kwa mstari, na bosi akalalamika kwamba ripoti zinachelewa.