Jiko Lililokuwa Chini ya Mchicha wa Bibi

Jumamosi moja mwaka huu mama alinituma Fordsburg, hapa Joburg, kununua bizari. Siku hizi tunakaa Randburg, kwenye fleti yenye lifti, na bizari ya pakiti inayouzwa kule mama anasema inanuka sabuni. Nilipotoka dukani nikakuta robot, yaani taa za kuongozea magari, zimezimika barabara kuu na magari yamekwama kila upande, nikaona heri nitembee kwa mitaa ya nyuma hadi kwenye stendi ya teksi. Ndivyo nilivyojikuta nimesimama mbele ya kiwanja chetu. Sikuwa nimekipita tangu tuhame.

Nakiita chetu kwa mazoea tu. Hakikuwa chetu hata siku moja.

Sijui wewe ulikulia wapi, lakini kama uliwahi kukaa upande ule utakumbuka vile viwanja vitupu vilivyoachwa kati ya nyumba kama mapengo kwenye meno. Zamani palikuwa mtaa wa Wahindi. Walikuwepo kwa vizazi, na maduka mbele na jiko nyuma, mpaka serikali ya ubaguzi ikawahamishia Lenasia, mbali huko kusini, na nyumba zao zikavunjwa. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulikuwa wana wa Watanga, wa Wakongo, wa Warundi, tukiongea Kizulu na Kiingereza uwanjani na Kiswahili pale tu tunapoitwa kula, na kwetu kiwanja kilikuwa mahali pa kuchezea mpira. Mwezi wa nane upepo ulileta vumbi la njano kutoka kwenye malundo ya mchanga wa migodi, tukawa tunalitema pamoja na maganda ya njugu.

Bibi alikuja mwaka 2015, baada ya babu kufariki. Baba alimtoa Tanga akidhani anamfanyia hisani. Chumba chetu kilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama ukuta. Bibi alikaa kitandani miezi mingi akijifunika kanga mbili na blanketi, akisikiliza kelele za wale ndege wakubwa wa kijivu wanaopita alfajiri wakilia kama watu wanaogombana. Aliongea kidogo sana. Mama alisema ni baridi, baba alisema ni msiba. Nilikuwa na miaka kumi, na mimi niliona tu kwamba hana kazi ya kufanya.

Siku moja alishuka chini, akavuka barabara, akainama kiwanjani na kuchukua udongo mkononi. Jumamosi iliyofuata baba alimnunulia jembe. Bibi akapanda mchicha, matembele, maboga na safu fupi ya bamia ambayo haikupata kustawi. Alikuwa akisema udongo wa Joburg ni mwekundu kama wa Lushoto lakini hauna adabu, maana unakubali kila kitu kiangazi halafu unakitupa wakati wa baridi. Asubuhi ya barafu ya kwanza alikuta mchicha umelala chini, mweusi, kama umemwagiwa maji ya moto. Alisimama pale akaucheka, na mama alipomsikia anacheka alitoka nje na mwiko mkononi kuja kutazama.

Basi tukala mchicha. Mchicha wa nazi, mchicha wa karanga, mchicha na dagaa walioletwa kutoka kwetu na watu wa mabasi. Jirani yetu wa chini, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, aliuita lengalenga na kila jioni alipita kuukagua kana kwamba shamba ni lake. "Mama, hii lengalenga yako iko muzuri sana," angesema, na Bibi angemkatia fungu.

Jembe la Bibi lilikuwa likigonga vitu kila mara. Vigae, vipande vya bangili za kioo, kikombe cha bati kilichotoboka. Karibu na ukuta alitoa jiwe jeusi, refu kama mkate wa boflo na laini kwa kushikwa. Alilitambua mara moja. Kwao Tanga majirani zake walikuwa Wahindi, na kila asubuhi alisikia mawe ya namna ile yakisaga bizari upande wa pili wa ukuta. Akaliosha, akatafuta kipande cha saruji cha kulisagia, na tangu hapo mama hakusaga tena pilipili kwa mashine. Kwaru, kwaru, kwaru. Hiyo ndiyo sauti niliyoamkia miaka ile.

Mwaka 2017 walikuja watu wenye vijiti na kamba. Mwenye kiwanja alitaka kujenga fleti, na sheria ilitaka kwanza wataalamu wa mambo ya kale wachunguze kilichokuwa chini. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, na siku ya kwanza alimwendea Bibi pale kwenye maboga akainamisha kichwa kwa heshima. "Sawubona, Gogo."

Bibi alinigeukia. "Ameniita gogo? Gogo la mti?"

Nikamweleza kwamba ni salamu ya Kizulu, na kwa Kizulu gogo ni bibi. Akasema, "Haya. Mwambie sijambo, na yeye hajambo?"

Walikubaliana kwa njia hiyo, mimi nikiwa katikati, kwamba Bibi atavuna sehemu moja na wao watachimba hapo, kisha atavuna nyingine. Wanafunzi wa yule mwalimu waligawa ardhi kwa kamba kuwa miraba, wakakwangua kwa miiko midogo na brashi, wakachekecha udongo kwenye chekeche kama wanawake wanaopeta mchele. Nilitegemea dhahabu. Ikatoka sakafu. Sakafu nyekundu ya saruji, iliyosuguliwa mpaka bado inang'aa baada ya miaka yote ile ndani ya ardhi. Halafu mfereji mdogo wa maji machafu, na kizingiti cha mlango kilicholika katikati kwa kukanyagwa. Katika pembe moja, limejengewa kabisa sakafuni, bapa la jiwe jeusi lenye bonde.

Bibi alilitazama lile bapa kwa muda, akarudi juu chumbani, akashuka na jiwe lake amelifunga kwenye kanga. Alilikabidhi kwa mwalimu. Mwalimu alipiga magoti akaliweka kwenye bonde, na likakaa sawasawa. Tulikuwa tumesimama ndani ya jiko la watu.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja mzee kutoka Lenasia, aliyevaa sari ya rangi ya maji na sweta la mwanawe juu yake. Alizaliwa katika nyumba ile. Mwalimu alikuwa amemtafuta kupitia misikiti na mahekalu ya Lenasia. Alishuka garini, akakitazama kiwanja, na ilionekana wazi kwamba hakitambui. Kisha akaliona lile jiko. Akavua viatu. Akapita kwenye kizingiti, si juu ya ukuta uliobomoka ambao ungekuwa karibu zaidi kwake, akaenda mpaka kwenye pembe na kusimama pale mahali ambapo mtu husimama akipika.

Bibi alimwita, kutoka kwenye matembele yake, kwa maneno ya Kigujarati aliyoyaokota ukutani kwa majirani zake wa Tanga: "Kemcho, ben?" Yaani, hujambo dada.

Yule mama aligeuka. "Majama," alijibu, kwamba hajambo, kisha akaanza kulia.

Tangu siku hiyo alikuja kila wiki. Walikaa juu ya ndoo zilizofudikizwa, yeye na Bibi, na wakaongea. Lugha hawakuwa nayo. Walikuwa na chapati, achari, bajia, dengu na pilau, na kutoka hapo wakaendelea kwa mikono. Niliwahi kuwakuta wakibishana vikali juu ya tangawizi, mmoja akionyesha kidole kizima na mwingine ncha ya kidole. Mama mzee wa Lenasia alituletea kachori kwenye gazeti. Bibi alimpa mchicha apeleke nyumbani.

Wakati huohuo mwenye kiwanja alimtuma mtu wake, kijana mwenye tai, akazungumza na majirani mlango kwa mlango. Kungekuwa na mkutano, alisema, na maafisa wa serikali wa kulinda mambo ya kale wangeuliza watu wa mtaa kama mahali pale pahifadhiwe. Alichotaka ni tuseme ukweli tu: kwamba pale palikuwa jalala. Fleti zikijengwa, wapangaji wa zamani wa mtaa wangefikiriwa kwanza. Na kwa Bibi alikuwa na ahadi yake peke yake. "Nyuma ya jengo tutaacha ukanda wa bustani, Gogo. Na bomba la maji."

Chumba cha fundi kilikuwa kikivuja tangu nilipokijua. Mkewe alikuwa na mimba changa. Fundi alikuja kwetu jioni ile, akakaa kwenye mkeka, akaongea kwa upole.

"Mama, ile nyumba ilishakufa. Wenye nyumba wako na nyumba ingine Lenasia. Sisi tuko wazima, na hatuna."

Bibi alimmiminia chai. Baba, ambaye alikuwa na mawazo kama ya fundi, alitazama simu yake.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule yetu. Kulikuwa na joto, na mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Watu wa Lenasia walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine, kijana mwenye tai mbele. Majirani wawili walisimama wakasema ni kweli, palikuwa jalala, watu walitupa magodoro. Hawakusema uongo, magodoro yalikuwepo. Kisha mama yangu akasimama kutafsiri, maana Bibi alikuwa ameshasimama.

"Mimi nimelima pale," Bibi alisema. "Kila nikipiga jembe linagonga vitu vya watu. Nilijua tangu mwanzo kwamba niko ndani ya nyumba ya mtu, ila mtu mwenyewe nilikuwa simjui. Sasa namjua. Amekuja, amevua viatu, ametuonyesha mlango wa kwao. Nisimame hapa niseme hapakuwa na mlango?"

Mama alitafsiri polepole, nadhani kwa sababu alikuwa anafikiria lile bomba la maji. Bibi akakaa. Fundi alikuwa akitazama viatu vyake.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi. Kiwanja kingelindwa, hakuna kujenga. Watu wa Lenasia walifurahi, na kijana mwenye tai hatukumwona tena. Fundi alinuna kwa wiki kadhaa, akawa anapita upande wa pili wa barabara. Mkewe alipojifungua, Bibi alishuka na uji wa pilipili manga bila kuitwa, akamkanda mzazi kwa maji ya moto kama wafanyavyo kwetu, na mambo yakarudi yalivyokuwa, au karibu na hapo. Hawakupata chumba kingine. Walihamia Durban kwa shemeji yake, na mtoto wao sikupata kumwona akikua.

Kuhusu jiko lenyewe, nilidhani watalijengea paa ili watu waje kulitazama. Mwalimu akanieleza kwamba mvua na jua vingeipasua ile sakafu kwa msimu mmoja, na kwamba njia ya kuilinda ni kuifunika tena. Wakatandaza kitambaa, wakamwaga mchanga safi kutoka kwenye lori, wakashindilia, wakapanda nyasi. Lile jiwe la kusagia lilipelekwa kwenye stoo ya makumbusho likapewa namba. Bibi aliulizwa kama ana pingamizi, akasema jiwe si lake. Mama mzee wa Lenasia aliulizwa pia, akasema mama yake alishakufa na yeye ana mashine. Kisha ukaja uzio wa chuma, na geti, na ubao. Ubao unaeleza vizuri habari za familia za Kihindi na jinsi zilivyohamishwa. Niliusoma tena Jumamosi ile. Hauna kosa.

Mchicha haukurudi, bila shaka. Bibi alijaribu ndoo kwenye ngazi, mwenye jengo akakataza. Alirudi kitandani, ingawa safari hii aliongea, na mwishoni mwa 2019 baba alimrudisha Tanga, ambako yuko mpaka leo, mzima, anagombana na mbuzi wa jirani. Mama mzee wa Lenasia alifariki kabla ya hapo. Jengo letu liliuzwa, na sisi tukahamia Randburg.

Lakini kuna alasiri moja ambayo ninaikumbuka zaidi kuliko mkutano. Uzio ulikuwa mpya. Mama mzee wa Lenasia alimleta mjukuu wake wa kike aliyekuwa anasoma ng'ambo, amwonyeshe mahali alipozaliwa. Geti lilikuwa na kufuli. Walipiga simu kwenye namba ya ubaoni, wakaambiwa mwenye ufunguo anakuja kwa miadi tu, nao hawakuwa na miadi.

Bibi aliwaona kutoka juu akateremka. Wakasimama wote nje, mmoja aliyezaliwa mle na mmoja aliyelima mle, wakitazama nyasi kupitia vyuma. Mjukuu alikasirika, akasema ataandika barua kwa wakubwa. Bibi yake akamwambia anyamaze. Akapenyeza mkono kati ya nondo, akaanza kuonyesha: pale kitanda cha baba, pale tangi la maji, pale mlango. Bibi naye akapenyeza wake, akaonyesha pale matembele, pale maboga. Yule binti akawa anatazama mkono mmoja, kisha mwingine, na nyasi zilikuwa sawasawa kila mahali.