Kipindi cha Kiswahili, Darasa la Nne

Kwa wiki mbili nilizungumza Kiingereza na kuku wa mama mdogo. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja na nusu uliopita, nimesomea ualimu wa Kiswahili na Historia, na shule moja binafsi ya Singida Mjini, zile zinazofundisha kwa Kiingereza, ilikuwa imeniita kwenye usaili wa kufundisha Kiswahili. Usaili wenyewe ungekuwa kwa Kiingereza. Pale kijijini kwetu Unyambwa hakuna aliyeona ajabu ila mimi, na mimi huona ajabu hata kivuli changu kikichelewa kugeuka.

"Vipi, wamekuajiri?" mama mdogo aliniuliza akichambua mboga, kidole kikielekea kwa kuku.

"Mama, usinicheke. Nikikosa hii, basi tena."

"Nani anacheka? Mjomba wako kasema mizinga yake kule Rungwa inakusubiri. Nyuki hawana usaili."

Naogopa nyuki kuliko kitu chochote. Nikarudi uani kwa kuku.

Siku ilipofika, boda ilinishusha mbele ya geti lenye bango la maandishi mekundu kwamba ndani ya uzio huo kinazungumzwa Kiingereza tu. Chini ya bango alikaa mlinzi wa umri wa babu yangu. Nikaganda. Kiingereza hakina shikamoo. Nikimsalimia mzee yule kama rafiki yangu wa chuo, laana. Nikimwamkia kwa Kiswahili, labda ameagizwa kuandika majina ya wakosaji, na mimi nitakuwa wa kwanza. Mwishowe nilisema asubuhi njema ya Kizungu kwa sauti kubwa, nikainama, nikanong'ona, "Shikamoo babu."

"Marahaba," akanong'ona, akitazama nyuma yake. "Pita haraka mjukuu wangu."

Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye koti la bluu ambaye wote walimwita madam, aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini nakipenda Kiswahili. Nilijibu dakika nne nzima. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu kwamba nilitaja kuku. Aliandika neno moja kwenye daftari, akalifunga, akaniambia twende darasa la nne nikafundishe kipindi kimoja. Kipindi hicho ndicho kingeamua. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa ameacha kazi wiki tatu kabla, na tangu hapo kipindi kilikuwa kinajazwa na Hisabati.

Andalio langu la somo lilikuwa la barua ya kirafiki, limegawanywa kwa dakika, kwa kalamu za rangi tatu. Madam akafunga mlango, akakaa nyuma kabisa. Watoto walisimama, wanyamavu, wamekaza midomo kama waliobeba maji ndani yake.

"Hamjambo watoto?"

Wakatazamana. Wakamtazama madam. Madam akaitikia kwa kichwa kuwaruhusu.

"Hatujambo mwalimuuu!"

Sijawahi kusikia hatujambo ya namna ile. Chaki ilinidondoka. Nikauliza swali langu la utangulizi, nililolitengea dakika mbili: kama ungemwandikia mtu barua leo, ungemwambia nini? Mikono yote ikapanda, wengine miwili miwili.

"Mwalimu, ningemwambia bibi jogoo wetu amemfukuza fundi umeme mpaka barabarani!"

"Mwalimu, mimi ningemwandikia huyu hapa, arudishe rula yangu. Tangu wiki iliyopita!"

"Si umwambie tu? Mnakaa dawati moja," nilisema.

"Nilimwambia kwa Kiingereza, mwalimu, lakini sikuweza kukasirika vizuri."

"Muongo! Uliniazima mwenyewe!"

"Nilikuazima siku moja, wewe ukaioa!"

Darasa likalipuka. Rula ikarudi kwa mwenyewe, ikipitishwa juu kwa juu kama bibi harusi, watoto wakipiga vigelegele. Nilitazama saa. Dakika kumi na tano zilikuwa zimekwenda na ubaoni hakukuwa na hata anwani ya mwandishi. Nikasema, "Jamani, mmoja mmoja." Msichana mnene wa mbele akanionea huruma. "Mwalimu, wewe ni mgeni. Hiki ndicho kipindi cha kusema. Maneno tulikuwa tunayaweka tu."

Nilitaka kuwanyamazisha. Nilihesabu kichwani namna tatu za kuwanyamazisha, na kila moja ilikuwa na kasoro, na huku nikizipima nilijikuta nacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikajisemea kwamba basi, Rungwa ni kuzuri, wana asali.

Ndipo msichana mwingine akasimama. "Mimi barua yangu ni ya kumshukuru mama kwa chapati na mayai ya safari ya leo."

"Safari gani?"

"Ya ziwani, kuangalia ndege!" walijibu wote, na mifuko ikatoka chini ya madawati. Chapati, mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye vikaratasi, chupa za juisi. Wote walikuwa nayo.

Kiti cha nyuma kikalia. Madam alikuwa amesimama, na alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, naomba kusema," alisema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Wanangu, safari si leo. Gari ni bovu. Nilitangaza Jumatatu mstarini, nikaeleza vizuri kwa Kiingereza, na mkapiga makofi!"

"Madam," alisema yule mnene kwa upole, "sisi tangazo likiisha huwa tunapiga makofi."

Nilimwona madam akirudisha nyuma kichwani matangazo yake yote ya mwaka mzima, moja moja, na makofi yake.

"Na lile la kunawa mikono?"

Wakatazama viganja vyao.

"La homa?"

"Tulipiga makofi, madam."

"Sasa mayai?" mtoto mmoja akauliza.

Madam akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumcheza. "Kuleni," alisema. "Si yameshachemshwa?"

Basi somo la barua ya kirafiki likaishia kwenye maganda ya mayai. Nilipewa chapati nne. Kengele ilipolia, watoto wakafuta midomo na kukaa kimya tena, na mimi nikakunja andalio langu la rangi tatu nikimfuata madam hadi mlangoni.

Aliushika mlango bila kuufungua.

"Wazazi wananilipa ili watoto wao wasiongee hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Wakisikia nilichofanya leo watawahamisha. Ila mimi siwezi kuendelea kupigiwa makofi. Utaanza Jumatatu. Kila siku kipindi kimoja, na matangazo yangu yote utawarudia humu ndani, kwa Kiswahili, mlango umefungwa. Unaweza?"

Nilifikiria wazazi. Nilifikiria kama ni uongo, na kama ni uongo ni wa nani, na nikikutana na mzazi sokoni nitamwangaliaje usoni. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema, "Naweza, madam," kabla sijamaliza kufikiria.

Akafungua mlango. Nje kwenye korido kulikuwa na walimu wawili wamesimama, kwa hiyo nikalirudia jibu langu, kwa Kiingereza.