Mtunza Maua wa Chumba cha Chini

Kwanza, ule mlango haukuwa na kufuli. Majirani wa mtaa ule wa Tashkenti wanaosimulia kwamba Bi Hosiyat alimfungia bintiye chini ya nyumba kama gunia la viazi hawajawahi kushuka ngazi zile. Palikuwa na komeo la mbao tu, tena kwa ndani. Palikuwa na kitanda, zulia, birika la umeme, na maua. Mtu hamnunulii mfungwa maua.

Bi Hosiyat alifundisha elimu ya mimea chuoni mpaka alipostaafu, na mumewe, marehemu daktari Umarali, alizikwa na nusu ya mji. Nyumba ya namna hiyo ina heshima, na heshima ina kazi zake. Kwa hiyo binti yake mkubwa, Saodat, aliporudishwa na wakwe zake kwa sababu hakuzaa, akashuka kwenye teksi na mabegi mawili, mama yake alimwingiza ndani upesi kabla jirani wa mbele hajatoka kufagia. Majirani wakaambiwa kwamba Saodat na mumewe wamekwenda Korea kutafuta maisha. Bi Hosiyat hakuwa na njia nyingine. Alikuwapo Dilfuza, binti mdogo, na washenga kutoka Samarkandi walikwisha kuleta salamu. Nani ataoa katika nyumba ambayo binti mmoja amerudishwa? Wangesema utasa uko kwenye damu.

"Ni mpaka mdogo wako aolewe," Bi Hosiyat alimwambia. "Halafu utapanda juu."

"Chini kuna giza, Mama."

"Giza niachie mimi."

Akalishughulikia kielimu. Dirisha la chumba kile lilikuwa dogo, limebanwa chini ya dari usawa wa ardhi ya uani, na aliyekaa ndani aliona viatu vya wapitao, basi. Bi Hosiyat alipaka kuta chokaa nyeupe, akatundika kioo mkabala wa dirisha ili mwanga ule kidogo urudi mara mbili. Kisha akaenda soko la maua. Muuzaji, mwanamke mnene mwenye meno ya dhahabu, alimsogezea makopo ya maua mekundu.

"Chukua haya, mwalimu. Yanachangamsha nyumba."

"Kwenye kivuli yatarefuka shingo kama mgonjwa anayetafuta dirisha. Nipe mimea isiyojua kulalamika."

"Kwani chumba chenyewe cha nani?"

"Cha mitungi ya achari."

Muuzaji akacheka mpaka meno yote yakang'aa. "Heri mitungi yako! Mie hata mume wangu sijamnunulia jani."

Bi Hosiyat alichagua mmea wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, ambao kule huitwa ulimi wa mama mkwe. Akachagua mti wa dola, ule wa majani mazito yanayometa, unaoweka maji yake ardhini kwenye viazi vyake. Kwa ajili ya rafu ya juu akachukua mtambazi wa majani ya kijani kitupu. Wenye michirizi myeupe aliukataa, maana gizani michirizi hufifia, na mwenye macho angeona kwamba chumba hakina jua.

Chumba kilipendeza. Hata Saodat alikubali. Aligusa ncha ya lile panga la kijani, akamtazama mama yake.

"Huu umeuleta unichunge? Ulimi wa mkwe yule wa kwanza haukunitosha?"

"Usiumwagie maji mengi," alisema Bi Hosiyat. "Penye mwanga mdogo, maji ndiyo yanayoua."

Kila Jumapili Bi Hosiyat alibeba chungu kimoja mpaka barazani kikaonje jua, akakirudisha wiki iliyofuata na kuchukua kingine. Mmea wowote hudumu namna hiyo. Saodat alikaa kitandani akimwangalia.

"Mama, maua yana zamu ya kwenda juu. Zamu yangu lini?"

"Maua hayana midomo ya kuongea na majirani."

Akapanda ngazi na mti wa dola kifuani.

Siku ya washenga, kila kitu kilipangwa. Pilau iliiva punje moja moja. Dilfuza alimimina chai kikombe nusu, kama inavyotakiwa, macho chini. Bi Robiya, mama wa bwana harusi, alikula kidogo, akafuta vidole, akasimama.

"Sasa nionyeshe achari zako, ndugu yangu. Sebule kila mtu hufagia."

Hapo ndipo Bi Hosiyat alipokosea. Alisafisha hadi choo, akasahau kwamba mama wa Samarkandi haamini nyumba mpaka aone mitungi ya achari za kipupwe. Na mitungi ilikuwa chini.

"Ngazi ni mbovu, dada. Nitakuletea hapa."

"Miguu yangu imebeba mimba sita, haiogopi ngazi." Na alikwisha kufika katikati.

Saodat alisimama walipoingia. Mkononi alikuwa na kitambaa chenye maji, akipangusa vumbi kwenye majani. Bi Robiya aliangalia nyanya na matango ndani ya mitungi, akaangalia kioo, akaangalia maua kwa muda mrefu.

"Mashaallah! Bila jua! Kwetu chini ni kama kaburi." Halafu akamgeukia Saodat. "Na huyu nani?"

Bi Hosiyat alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Juu, mkate wa posa, ule unaovunjwa mkikubaliana, ulikuwa umekaa kwenye sinia, haujavunjwa, na Dilfuza alikuwa anasubiri uvunjwe.

"Mtunza maua," alisema.

Saodat hakumtazama. Aliendelea kupangusa mpaka mwisho wa jani.

"Ndiyo, bibi," alisema. "Mimi nalala humu humu nayo. Siongei sana, na sihitaji jua."

"Mdomo anao!" Bi Robiya alicheka, akapendezwa. "Wa hivi nilikuwa namtafuta. Ndugu yangu, tupe bibi harusi, na huyu umfungashe pamoja naye. Utaninyima?"

"Sitakunyima," alisema Bi Hosiyat.

Wakapanda juu, wakavunja mkate.

Kwa hiyo hakuna aliyeuzwa. Saodat aliondoka kwa miguu yake siku ya harusi, akaketi mbele karibu na dereva, mti wa dola mapajani, na ndivyo alivyopanda juu kama alivyoahidiwa. Yuko kwenye nyumba ya watu wenye heshima, na anakula.

Dilfuza hupiga simu. Mara moja alipiga akilia.

"Mama, jana mbele ya wageni nilimwita Saodat kwa jina tupu. Bila neno 'dada'. Nikamwambia, 'Wewe, lete chai.'"

"Akafanyaje?"

"Akaitika."

"Vizuri. Sasa futa machozi, mkwe wako asikuone."

Jirani wa mbele bado husimama langoni na ufagio wake na kuuliza, kama asiyejua, Korea kukoje siku hizi, na Saodat ataleta mjukuu lini. Bi Hosiyat humjibu kwamba binti zake wote wawili hawajambo. Akiulizwa la pili, hufunga lango.