Atakayemsemea Baba

Baba alipoulizwa nani atamsemea siku akishindwa kusema, mimi nilikuwa nimeshatoa kalamu mfukoni. Mzaliwa wa kwanza, tena wa kiume, tena ndiye ninayeishi naye hapa Marekani, mjini Falls Church, na kumvusha barabara kuu ya Beltway kila wiki hadi kliniki ya moyo Rockville. Nilidhani swali lenyewe ni la adabu tu.

Aliyeuliza alikuwa ofisa wa kliniki, mama Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, sanifu kuliko chetu. Alieleza fomu taratibu: atakayetajwa ndiye atakayewaambia madaktari waendelee na mashine au waache. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mkwe wangu."

"Mke wa huyu?"

"Aliyekuwa mke wa huyu. Waliachana miaka minne iliyopita."

Nikacheka, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Yule mama akaandika jina la mtalaka wangu kwa mwandiko mzuri sana, na kalamu aliyotumia ilikuwa yangu.

Kwenye gari nilijikaza hadi tulipokaribia nyumbani, kisha uzalendo ukanishinda.

"Baba, nimekukosea nini? Nani anakupikia? Nani anakuogesha?"

"Wewe."

"Sasa yeye? Ana-drop watoto Jumapili, anakaa saa moja, basi!"

"Jumapili iliyopita aliniletea uji. Akaniuliza, 'Baba, utakunywa?' Nikasema sitaki. Akafanya nini?"

Nilikumbuka vizuri. Alichukua kikombe, akakiosha, akarudi kukaa naye. Mimi ndiye niliyemfuata jikoni kumsema: mzee anadhoofika, na wewe unamsikiliza!

"Alifanya uzembe," nikasema.

"Alinisikia."

Niliumia, sitaficha. Mimi nimekua nikijua kwamba kumpenda mgonjwa ni kumshinda: dawa anywe, koti avae, mchuzi amalize. Kwetu asiyembembeleza mgonjwa ale huambiwa hana uchungu naye. Sasa uchungu wangu wote ulikuwa umeninyima kazi, na kazi kapewa mwanamke ambaye hata mimi aliniacha bila kunibembeleza.

Nikamwomba baba anifikirie tena. Fomu hubadilishwa, yule mama alisema hivyo mwenyewe. Baba akasema tutaona.

Asubuhi yake nilipika uji wa ulezi, nikamletea kitandani. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea kuliko jana. Akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Sitaki, mwanangu."

Nilijua kabisa kwamba huu ndio mtihani. Hata wanangu, ambao babu yao akiwasemesha hujibu kwa Kiingereza, wangejua. Nikasema, "Sawa, baba," nikachukua kikombe, nikafika mlangoni. Nyuma yangu nikamsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikageuka. "Vijiko viwili tu, baba. Viwili."

Hakubisha. Akafungua mdomo, akameza cha kwanza kwa shida, akameza cha pili. Nilipokirudisha kijiko, uji ukanimwagikia kidoleni. Akanipangusa kwa ncha ya shuka.

"Fomu tuiache kama ilivyo," akasema kwa upole.