Tatu Iliyo Nje ya Mabano

Ile siku ya aljebra naikumbuka bado, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu, mtu mwema ila mwenye kiburi, aliandika ubaoni: 3(x + 2) = 3x + 2. Nikasimama. Nikamwambia ile tatu iliyo nje inazidisha vyote vilivyo ndani ya mabano, kwa hiyo jibu ni 3x + 6. Wenzangu wakacheka, naye akanitoa nje, nisirudi mpaka niombe radhi mbele ya darasa. Na mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa umeshakaribia!

Nikamwendea shangazi yangu wa kijiji cha Mugoma, ndiye aliyenilea. Nilimkuta akimenya mihogo. Nikamweleza yote, nikasema kesho nitaomba radhi yaishe.

"Utaomba radhi kwa kosa gani?"

"Kwa kusimama, shangazi."

Akaweka kisu chini. "Mimi hizo hesabu zenu sizijui. Wewe una hakika nazo?"

"Ninayo."

"Basi kesho simama tena. Heshima si utumwa!"

Niliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyonitia nguvu.

Asubuhi nikaingia darasani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, omba radhi."

Nikachukua chaki bila ruhusa. Mahali pa x nikaweka moja. Ndani ya mabano ikawa tatu. Mara tatu, tisa. Jibu lake likatoa tano. "Tisa na tano si sawa, mwalimu. Siombi radhi." Akafuta mbili yake, akaandika sita. Nyasi za uwanjani nilifyekeshwa hata hivyo, kwa kosa la kuchukua chaki, lakini mtihani niliufanya, na sekondari nikaenda.

Sasa jana nimekuona ukifuta jibu sahihi kwa sababu kaka yako kakucheka. Sikupenda hata kidogo. Namba haimwamkii mtu. Sheria ya mabano ni ileile kwa mkubwa na kwa mdogo, Ngara hata Biharamulo. Ukisahihishwa kwa hoja, kubali upesi, kukosea hakuui. Ukitishwa au ukichekwa, usifute. Msema kweli mpenzi wa Mungu.

Haya, shika kalamu, lirudishe jibu lako nikiwa nakuona. Mungu akubariki, mwanangu, na asikupe kamwe shingo ya kuuinamia uongo.