Meseji za Mchumba

Mimi sina ugomvi na serikali kutafuta magaidi. Iwatafute, tena iwapate. Ugomvi wangu ni ile alasiri maafisa wawili walipoketi sebuleni kwetu Rau, hapa Moshi, wakamsomea mama yangu meseji za mapenzi.

Mwandishi wa meseji hizo alikuwa mchumba wa mdogo wangu, kijana wa Tanga mwenye ndevu nyingi na aibu nyingi zaidi. Alikuja kujitambulisha, tukampa chumba cha uani. Kwetu wachumba hawaachwi peke yao kabla ya nikahi, basi wakawa wanaandikiana: yeye nyuma ya migomba, binti jikoni.

Mjumbe wetu, mzee wa Kichagga mwenye asili ya Masama, alikuwa ameambiwa kwenye kikao cha mtaa aripoti wageni wasioeleweka. Akachungulia juu ya ua, akaona ndevu, akaona kijana anaamka kabla ya alfajiri na kuinamia simu migombani akitabasamu mwenyewe. Akaripoti. Kupiga hodi akauliza kulimshinda, na kila Idi tunampelekea sahani yake ya pilau.

Maafisa walikuwa na adabu. Wakamwamkia mama shikamoo, wakanywa chai, wakaomba simu ya kijana. Nilipouliza kibali kiko wapi, mkubwa wao akasema asiye na la kuficha hana la kuogopa. Maneno mazuri hayo, kwa mtu asiye na mama mkwe.

Akasoma kwa sauti, taratibu, kama taarifa ya habari. "Usiku silali nakuwaza wewe." Mdogo wangu akajifunika mtandio. "Macho yako yananimaliza." Afisa mdogo akakohoa. "Wali wa mama yako mgumu, leo nimeumeza kama dawa."

Mama yangu mchele anaufuata mwenyewe Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, na kwa ajili ya wali wake ameshanuniana na mawifi. Serikali iliridhika kwamba kijana si gaidi, ikaaga. Mama hakuridhika. Alisema ndoa haipo, na kijana akaanza kufunga begi. Mdogo wangu alilia mpaka nikatamani kuwafuata wale maafisa na mwiko.

Mjumbe aliposikia, alikuja na jani la isale. Mchagga akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai. Sisi si Wachagga, ila mama kazaliwa Moshi, anajua. Akalipokea kanuna.

"Siku nyingine piga hodi," akamwambia. "Nikikunyima mlango, ndipo uripoti."

Mzee akatoa jani la pili ndani ya koti, akampa kijana. "Mpe na wewe, baba. Mimi nimekosa kwa kuchungulia, wewe kwa kuandika."

"Mimi mtu wa Tanga, mzee."

"Jani haliulizi kabila."

Walioana. Juzi shemeji alifikia kwa mama, na mdogo wangu akanitumia alichoandikiwa: "Nimefika salama. Wali wa mama mtamu sana. Naitakia nchi yetu amani." Nikampigia, tukacheka mpaka machozi. Nikamuuliza, na yale mambo ya macho je?

"Siku hizi ananiambia kwa mdomo," akasema, "tena akishazima simu."