Namba Tasa Getini Isaka

Karani wa geti la mizigo pale Isaka hagongi muhuri kabla hajaigawanya namba ya kontena. Huchomoa penseli sikioni, akaijaribu karatasini kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, akihesabu kwa Kisukuma chini kwa chini. Ikigawanyika huguna kwa masikitiko, ndipo agonge. Nyingi hazimalizi dakika. Jumanne moja Mageni, dereva wa lori la Kigali, alimletea 104729. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Kumi na tatu nayo imekataa." Saa nzima ikapita, foleni ikapiga honi mpaka ikachoka. Alipofika mia tatu kumi na saba, karani aliweka penseli mezani. "Zaidi ya hapa hakuna haja. Hii ni namba tasa."

Mageni alirudi nyuma hatua moja. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka tisa. "Tasa siibebi, mzee. Nipe kontena nyingine." Karani, ambaye madereva hawakuwahi kumwona amesimama, akasimama. Alitoka nje, akaweka kiganja juu ya namba ile kama anayepima homa ya mtoto. "Tasa ya hesabu haina ubaya, mwanangu. Maana yake haigawanyiki kwa yoyote, ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimeijaribu kwa namba sitini na sita, na kila mara kuna kitu kinabaki." Mageni akawafikiria dada zake, waliotumia miaka yote ile kumsihi amwache mkewe. "Basi gonga," alisema, "na hizo karatasi za hesabu nipe, nikawasomee."